Kupanda Usambara kwa Pikipiki Iliyokosa Petroli

Wengi wenu, hasa ninyi walimu mkaao mbali na barabara kuu, mna pikipiki, na pengine ni ya zamani, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kufika kwenu. Chombo cha namna hiyo kikizimika njiani, watu husema upesi, “Injini imekufa.” Neno hilo limewatoa watu fedha nyingi, na mara nyingi si la kweli. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari za safari yetu ya kutoka Mombo hata Mlalo, katika milima ya Usambara ya magharibi. Barabara ile ni mtahini mkali: kila mahali pake huuliza chombo swali lake, na mwenye kusikiliza hupata jibu.

Mombo ni mji mdogo chini ya mlima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Reli itokayo Tanga ilifika hapo mwaka 1905, na tangu siku zile Mombo pamekuwa mlango wa kupandia Usambara. Nchi yake ni tambarare yenye jua kali na mashamba ya mkonge yaliyopangwa safu safu. Lakini ukiinua macho upande wa kaskazini waona mlima umesimama kama ukuta. Mombo ni kadiri ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto ni kadiri ya mita 1400. Na kati yao ni kilometa 33 hivi tu. Barabara yapanda ikijipinda-pinda, mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde. Hupitwa na mabasi, na malori yashukayo yamejaa kabichi, karoti, viazi na matunda. Si mahali pa kuzimikiwa na chombo.

Mwalimu mmoja wa Mlalo, rafiki yetu wa siku nyingi, ana pikipiki ya namna iitwayo Honda CG125. Namna hiyo ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, nayo iliundwa iwe rahisi kutunza, ifae hata mahali ambapo mafundi na vipuri ni haba. Ya mwalimu huyu ni nzee, tangi lake limefifia rangi. Mara tatu ilimzimikia katika mlima ule. Mara ya tatu jua lilikuwa likitua, mkewe yu nyuma yake, wanatoka kliniki. Injini ikafifia konani, pikipiki ikaanza kurudi nyuma, na basi lilikuwa likipanda nyuma yao. Dereva alikuwa mtu mwangalifu, akafunga breki, wakapona. Tangu siku ile mama yule alikataa kuipanda, na mumewe akaiacha Mombo kwa fundi.

Fundi akaamua kwamba silinda ichongwe, na pistoni na ringi zinunuliwe mpya. Gharama yake ilikaribia fedha alizoziweka mwalimu kwa vifaa na safari ya binti yake, aliyechaguliwa kwenda shule ya bweni. Akatujia usiku akasema, “Ndugu zangu, siwezi kutenda yote mawili. Nendeni mkaitazame kabla sijatoa fedha.” Basi tukashuka Mombo kwa basi pamoja na mtoto wa ndugu yetu, kijana afanyaye kazi ya ufundi wa bodaboda mjini Lushoto.

Tulimkuta yule fundi mwungwana kabisa. Akasema, “Shikamooni, wazee. Chombo hiki kikiwa baridi huwaka vizuri, kikipata moto mlimani huzima, kikipumzika dakika kumi huwaka tena. Kwangu mimi hiyo ni dalili ya ringi kuchoka.” Hatuwezi kumlaumu, maana maneno yake yana njia. Lakini kijana wetu alimwuliza, “Kaka, kikizima, hukata ghafula au hufifia?” Fundi akafikiri, akajibu, “Hufifia. Hupiga chafya mara mbili, hukosa nguvu, ndipo hunyamaza.”

Jibu hilo ni kubwa, wasomaji. Umeme wa plagi ukikatika, mara nyingi injini hunyamaza mara moja, kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Lakini petroli ikipungua, injini hufifia kama taa iishiwayo mafuta: mwanga hupungua, utambi hutoa moshi, ndipo giza huingia. Si sheria isiyovunjika, lakini ni mahali pema pa kuanzia. Kisha kijana akaikanyaga kiki polepole kwa mkono. Ikawa nzito, ikamsukuma kurudi. Akaiwasha akatazama eksozi, asione moshi wa buluu. Injini iliyochoka ringi kwa kawaida kiki yake huwa nyepesi, nayo hula oili na kutoa moshi wa buluu. Hapo tukapata tumaini, wala hatukuruhusu silinda ifunguliwe.

Kabla ya kupanda, yafaa tueleze njia ipitayo petroli. Ninyi mlimao mboga kwa mfereji mtaelewa upesi. Miche ikinyauka mwisho wa shamba, mtu mwenye akili hang'oi miche. Hufuata mfereji aone maji yameishia wapi. Katika pikipiki ya zamani isiyo na pampu, petroli hushuka kwa uzito wake mwenyewe. Chemchemi ni tangi, na katika mfuniko wake pana kitundu cha kuingizia hewa, maana petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii mahali pake. Chini ya tangi pana koki. Katika CG125 za zamani, koki ina kikombe kidogo chenye chujio. Kisha mpira wa petroli, na mwisho kabureta. Ndani ya kabureta pana bakuli, na boya linaloelea humo huinua sindano ya kufunga njia bakuli likijaa, na kuifungua likipungua. Kutoka bakulini petroli hupita katika jeti, yaani vitundu vilivyopimwa, ikaingia injini pamoja na hewa.

Asubuhi tuliijaribu kwanza katika tambarare, kuelekea Mazinde. Ikaenda vizuri kilometa kadha wa kadha, wala haikukohoa. Wengine wangesema, imepona. Lakini tupige hesabu. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa lita moja, ikienda mwendo wa kilometa 60 kwa saa, hutumia lita moja na nusu kwa saa, yaani mililita 25 kwa dakika. Ikipanda mlima na watu wawili, matumizi hayo yaweza kuongezeka hata mara mbili. Mfereji uliozibika nusu hutosha tambarare, lakini hautoshi mlimani. Ndiyo maana pikipiki hii ilikuwa na afya Mombo na ugonjwa njiani kwenda Soni.

Tukapanda. Baada ya kona chache, jua likiwa limeanza kuwaka juu ya mwamba, injini ikapiga chafya, ikafifia, ikanyamaza. Tukaisukuma mahali papana nje ya njia, tukaweka matawi ya miti mbele na nyuma kama ilivyo desturi ya madereva. Tukaiacha ipoe kidogo, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukatambaa chini, nao ukikutana na cheche au kitu chenye moto mkali hulipuka. Mtu asivute sigara karibu, wala asifanye kazi hii usiku kwa koroboi, wala asivute petroli kwa mdomo, kwa kuwa yaweza kuingia mapafuni ikamdhuru vibaya.

Kijana akafunga koki mara injini iliponyamaza, ili bakuli lisipate kujaa tena, ndipo akalegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, akikinga kwa kifuniko cha chupa. Yakatoka matone machache tu. Jambo hili ndilo lililoigawanya njia mara mbili. Bakuli likiwa limejaa wakati injini imezima, basi tafuta kosa mbele yake, katika jeti au katika umeme. Bakuli likiwa tupu, kosa li nyuma yake, kati ya bakuli na tangi. Letu lilikuwa tupu. Kumbe ule mapumziko wa dakika kumi haukuwa wa kupoza pistoni. Ulikuwa wa kungoja bakuli lijae tone kwa tone.

Akafungua mfuniko wa tangi taratibu, akitega sikio. Kitundu cha hewa kikiziba, mara nyingi husikika sauti ya kuvuta hewa, na petroli huanza kushuka tena. Hatukusikia kitu. Akauchomoa mpira katika kabureta, akauingiza katika chupa, akafungua koki, mfuniko ukiwa wazi. Petroli iliyo nzima hushuka kama uzi usiokatika. Yetu ilitoka uzi mwembamba, ukageuka kuwa matone. Akageuza koki kwenye akiba, yaani rizevu; yakawa matone vile vile. Hapo akacheka akasema, “Baba, tumeipata. Njia ya kawaida huchota juu kidogo ndani ya tangi, na rizevu huchota chini kabisa. Zikidhoofika zote mbili sawasawa, mahali zinapokutana ndipo penye shida.” Nazo hukutana katika kile kikombe chenye chujio.

Akafunga koki, akakifungua kikombe kwa spana. Ndani mlikuwa na tope jekundu la kutu, na wavu wa chujio umefunikwa kama wavu wa mvuvi uliojaa majani. Maji machache pia yalikuwamo, yamekaa chini ya petroli kama ilivyo desturi yake, maana maji ni mazito kuliko petroli. Akausafisha wavu kwa brashi laini na petroli safi, akautazama juani kama mwanga wapita kila mahali. Akairudisha ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, akaupima mpira wa petroli kama haujapasuka wala kujikunja, akajaribu tena katika chupa. Uzi ukawa mnene, haukukatika. Akaziba mfuniko, tukangoja kidogo; uzi ukadumu. Hivyo tukahakikisha kwamba kitundu cha hewa ni kizima. Petroli iliyokuwa chupani hatukuimwaga kando ya njia; tuliiacha itulie, tukairudisha iliyo safi, na tope tukalichukua.

Kutoka hapo hata Soni pikipiki haikukohoa hata mara moja. Soni ni mahali pazuri pa kupumzika, penye maporomoko ya maji kando ya barabara, na hewa iliyokwisha kuwa baridi. Hapo njia ya Bumbuli hugawanyika, na milimani karibu pana Vuga, mji wa kale wa Wakilindi waliotawala Usambara. Tulinunua mapeasi, tukala tumekaa juu ya jiwe. Aliyetoka Mombo na jasho huko hutafuta koti.

Lakini mtahini alikuwa na swali la pili. Kati ya Soni na Lushoto injini ikawa nzito, ikaunguruma kwa sauti nene, na nyuma ukatoka moshi mweusi wenye harufu ya petroli. Tulipopunguza mwendo ilitaka kuzima. Mtu asiyefikiri angesema ugonjwa ule ule umerudi. Kijana akavuta choki kidogo. Choki hupunguza hewa na kuzidisha petroli. Injini yenye njaa ya petroli hufurahi ikivutiwa choki, bali iliyoshiba kupita kiasi hukabwa. Hii ilikabwa. Tulipofika Lushoto akatoa plagi, nayo ilikuwa nyeusi, imefunikwa masizi makavu. Plagi ya injini iliyo sawa huwa na rangi kama ya udongo mkavu. Ya injini yenye njaa huwa nyeupe. Nyeusi ya masizi ni ya shibe.

Basi sababu ni nini? Sehemu moja ni mlima wenyewe. Kadiri upandavyo, hewa huwa nyepesi. Kutoka Mombo hata Lushoto hupungua uzito kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kabureta ya zamani haijui hayo. Hutoa karibu petroli ile ile kama chini. Injini iliyopimwa vema hustahimili tofauti hiyo kwa kupoteza nguvu kidogo tu. Hii haikustahimili, kwa hiyo palikuwa na jambo lingine. Tukampigia mwalimu simu. Akasema kwamba miezi mingi iliyopita, shida ilipoanza, fundi mwingine aliweka jeti kubwa zaidi ili petroli iongezeke, na ile ya zamani aliifunga katika karatasi, akaiweka pamoja na spana. Tukaikuta. Jeti huchorwa nambari, na nambari ikizidi, tundu limezidi. Ile iliyokuwamo ilizidi ya zamani. Waliongeza ukubwa wa mdomo, na kumbe shida ilikuwa kooni. Mfereji ulipozibuliwa, mdomo ule ukawa balaa.

Kijana akarudisha jeti ya zamani. Akaitazama na jeti ndogo ya mwendo wa taratibu, ambayo mafundi huiita jeti ya sailensa. Tundu lake halifiki nusu milimita, na chembe moja ya kutu yatosha kuliziba. Akalipuliza kwa hewa ya pampu, akapitisha uzi wa mshipi wa samaki. Hakutumia waya wa chuma, kwa maana shaba ya jeti ni laini, na waya huongeza tundu lisirudi tena. Akasafisha plagi na chujio la hewa, maana chujio lililojaa vumbi nalo huzidisha petroli juu ya hewa.

Siku ya pili tukaenda Mlalo, kadiri ya kilometa 30. Barabara hupanda tena kupita msitu wa Magamba, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hata tukawasha taa. Msituni tulisimama makusudi, tukaiacha injini iungurume polepole, ikatulia. Baada ya Lukozi huonekana vitivo vya mboga, na mifereji ya maji, na watu wamekwisha kuinama kazini. Mwisho hushuka bonde la Mlalo, mahali ambapo wamisioni wa Kijerumani walianza kazi mwaka 1891. Nyumba zake zimesongamana juu ya kilima, nyingine za ghorofa, zilizojengwa kwa udongo na miti.

Mwalimu alitusikia kabla hajatuona. Gharama yote ilikuwa nauli zetu, pete moja ya mpira, na mpira mpya wa petroli tulioununua Lushoto kwa sababu wa zamani ulikuwa umekauka. Fedha za binti hazikuguswa. Mama alituletea chai, akauliza neno moja tu: “Je, naweza kupanda tena nyuma yake?” Hatukumjibu kwa haraka. Tulisema, “Mama, tangi bado lina kutu, na kutu itashuka tena. Kwanza lisafishwe. Kisha baba aende Mombo na kurudi mara mbili, amebeba gunia la viazi mahali pako. Lisipokohoa, ndipo upande.” Mwalimu akakubali. Tangi likatolewa, likatiwa changarawe safi na petroli kidogo, likatikiswa hata kutu ikatoka, likasuuzwa mara nyingi. Safari mbili zikafanywa na gunia. Ya tatu akapanda mama.

Sasa tuwaachieni maneno machache ya kukumbuka. Kwanza, msifungue injini kabla ya kufuata njia ya petroli. Pili, mfuate kwa taratibu: bakuli, mfuniko, koki, chujio, mpira, ndipo jeti, na kila mara mtengeneze jambo moja tu, mkajaribu, ili mjue lililoponya. Tatu, kitu kilichoondolewa na fundi kiwekeni, na nambari yake iandikwe daftarini. Nne, pikipiki isiyotumika muda mrefu iachwe na tangi lililojaa, maana kutu hula bati lililo wazi. Na bakuli la kabureta limwagwe, kwa kuwa petroli iliyokaa hukauka ikawa kama gundi katika vitundu. Tano, mkinunua petroli ya chupa kijijini, itazameni juani kwanza. Maji hukaa chini, na taka huonekana. Chujeni kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Na mwenye kubeba mke au mtoto nyuma yake, asipande mlima kwa chombo kilichopiga chafya jana, hata kikiwaka vema leo asubuhi. Akijaribu kwanza yeye peke yake na mzigo.